Picha ya Watoto Wanne

Kabura alimpata mumewe kwa sababu mama yake alikataa kuhesabu watoto.

Ilikuwa Agosti ya mwaka wa 1969, wakati wa sensa ya kwanza tangu Uhuru. Kabura alikuwa msichana wa miaka ishirini, yuko nyumbani kwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Jamaa zake walikuwa na miaka mitatu tu tangu watoke Nyeri na kuhamia Kachibora, kwenye shamba ambalo baba yake, mzee Ngari, alilinunua pamoja na wenzake. Asubuhi hiyo karani wa sensa alibisha hodi, kijana mrefu mwenye shati jeupe na viatu vilivyojaa tope. Akapewa kiti, akapewa uji, akafungua karatasi zake na kumuuliza mama mwenye nyumba, Wakiuru, amezaa watoto wangapi.

"Watoto hawahesabiwi," akasema Wakiuru. "Mbuzi ndio wanaohesabiwa."

"Mama, ni serikali inauliza."

"Basi serikali ije jioni tukila, iangalie ukubwa wa chungu."

Kwa mama wa Kikuyu wa rika lake, kutaja idadi ya watoto kulikuwa sawa na kuyaonyesha mauti mlango. Lakini Kabura alikuwa amesoma, na hakutaka mgeni mwenye kalamu adhani ameingia kwa washamba. Akajibu yeye: "Kumi na mmoja. Walio hai ni wanne, sote wasichana." Mama yake alichukua ndoo akaenda kukamua.

Jioni yule karani alirudi. Alisema kuna swali moja alilisahau. Wakiuru alimtazama, akamtazama bintiye, akafunika chungu chake. "Huyu hakuja kuangalia chungu," akasema, na nyumba nzima ikacheka.

Karani huyo alikuwa Kimotho, mwalimu wa jiografia katika shule moja karibu na Kitale. Walifunga ndoa mwaka wa 1971, kanisani, kwa pete na keki ya ngazi tatu, wakajenga nje kidogo ya mji kwenye ekari saba. Kabura alifundisha darasa la kwanza hadi la tatu, na hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake akatoka hajui kusoma. Nyumba yao ilikuwa na mapazia yaliyopigwa pasi. Kimotho hakulewa, hakupaza sauti, hakudaiwa na mtu. Watu wa Kitale walipotaka kumwonya kijana wao walimwambia, "Kaa kama watu wa kwa Kimotho."

Watoto walikuja kwa utaratibu wa Wakikuyu. Mvulana wa kwanza aliitwa Muturi, jina la babake Kimotho. Msichana akaitwa Wangui, mamake Kimotho. Mvulana wa pili akaitwa Ngari, babake Kabura. Zamu iliyobaki ilikuwa ya Wakiuru, na zamu hiyo ilihitaji msichana. Lakini wa nne alitoka mvulana, akaitwa Ndung'u, jina la kakake Kimotho. Hakuna aliyehuzunika. Kabura alikuwa na miaka ishirini na minane. Muda ulikuwapo.

Mtu asiyezaliwa katika desturi hiyo atasema jina ni jina tu. Kwao si hivyo. Mtoto akipewa jina la bibi yake, bibi amezaliwa tena. Anaitwa mama na mama yake mwenyewe. Anapewa shuka la bibi, anasimuliwa bibi alivyotembea na alivyokasirika. Bibi asiyepata wa kumrithi jina hubaki kama mgeni aliyefika sherehe akakuta viti vimekwisha.

Kisha ikaja hesabu ya mwaka wa 1979, na matokeo yake yakamgeuza Kimotho akawa mtu mwingine. Nchi ilikuwa na watu milioni kumi na tano, na kasi ya ongezeko ilikuwa karibu wanne kwa kila mia kila mwaka. Ilisemwa kwamba duniani hapakuwa na nchi iliyotushinda. Mwanamke mmoja alizaa wastani wa watoto wanane. Kimotho aliyasoma hayo gazetini akiwa amesimama, chai ikapoa.

"Kabura, chukua sabini," akasema, "gawanya kwa kasi hiyo. Unapata nini?"

"Kumi na nane na kitu."

"Hiyo ndiyo miaka ya nchi kujaa mara mbili. Kabla Ndung'u hajamaliza chuo! Na shamba je, litajaa mara mbili?"

Alinunua kitambaa cha merikani, urefu wa mikono mitatu, akachora juu yake mstari wa watu wa Kenya kwa rangi nyeusi: milioni tano na zaidi mwaka wa 1948, karibu tisa mwaka wa 1962, kumi na moja mwaka wa 1969, kumi na tano mwaka wa 1979. Kutoka hapo mstari uligawanyika kuwa matawi matatu mekundu, mpaka mwaka wa 2009. Kasi ikibaki ilivyo, karibu milioni hamsini. Ikishuka kiasi, arobaini. Ikishuka sana, thelathini na mbili. Jumamosi alikikunja kitambaa, akakifunga kwenye baiskeli na kwenda Endebess, Kachibora, popote palipokuwa na mkutano wa chifu. Aliongea vizuri. Wanaume walimcheka, wanawake walinyamaza na kusikiliza. Baada ya miaka miwili serikali ilimtoa darasani ikampa kazi hiyo rasmi.

Mwaka wa 1983 wakaja wapiga picha. Walitaka familia ya mfano kwa ajili ya bango: baba, mama, watoto wanne wenye viatu, nyumba ya mabati na ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa ng'ombe, kwa maana wa Kimotho alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa ndigana mwezi uliopita. Ikabidi waazime kwa jirani, Jepkosgei, aliyekuwa na watoto tisa. Bango lilipotoka, likabandikwa katika kila zahanati ya wilaya na maneno "Wanne, na tunawaweza". Jepkosgei alisimama mbele yake akashika mbavu.

"Kumbe ng'ombe yangu amepanga uzazi!" akasema. "Na mimi mwenyewe sijaambiwa!"

Kabura alicheka pamoja naye. Lakini bango lile alilitia fremu, akalitundika sebuleni juu ya redio.

Mwaka uliofuata ndipo alipomwomba mumewe mtoto wa tano. Aliomba mchana, mezani, kwa sauti ya kawaida. Alisema si kwa tamaa, ni kwa ajili ya mama.

"Na akiwa mvulana tena?" akauliza Kimotho.

"Basi nitakuwa nimejaribu."

"Ndivyo wanavyosema wote, Kabura. Wa tano wa kujaribu, wa sita wa kujaribu. Ndiyo kasi yenyewe hiyo." Kisha akasema neno ambalo Kabura hakulisahau: "Na picha imeshatoka. Nitasimama vipi mbele ya watu?"

Kabura hakuwa mwanamke wa kugombana. Heshima ya nyumba ilikuwa mikononi mwao wote wawili. Mwaka huo alifunga kizazi katika hospitali, akarudi kazini baada ya siku kumi. Mama yake alipopata habari alikuja kutoka Kachibora na mkungu wa ndizi. Hakulaumu. Alipokuwa akiaga tu ndipo alipouliza, macho yakiwa kwenye lango: "Kwa hiyo mimi nitabaki nje?"

Wakiuru alikufa Machi mwaka wa 1991. Wangui alizaa baadaye, lakini mabinti wa Wangui walipewa majina ya mama wa mumewe na ya mama yake, yaani jina la Kabura mwenyewe likapata mrithi na la Wakiuru likapitwa. Dada zake Kabura walikuwa wameolewa mbali. Wawili walizaa wavulana watupu, na mmoja alijiunga na kanisa lililokataa majina ya wazee. Kabura alisema ni mambo ya Mungu, akaendelea kupiga mapazia pasi.

Tangu mwaka wa 1988 Kimotho alikuwa amehamishiwa Bungoma. Alirudi Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri, miaka minane mfululizo. Hata baada ya kurejeshwa Kitale, kazi ilimpeleka Bungoma mara mbili kwa mwezi. Kabura hakuuliza. Alikuwa na msemo wake, kwamba mwanamke mwenye akili hafungui sanduku ambalo hana pa kumwagia kilichomo. Kimotho alifariki mwaka wa 2003 kwa ugonjwa wa sukari. Mazishi yalikuwa ya heshima. Hotuba ndefu zilitolewa juu ya baba wa watoto wanne.

Wiki tatu baadaye ilifika barua kutoka Bungoma. Mwandishi alijitambulisha kama Nasike, fundi wa cherehani. Alimpa Mama Muturi pole kwa kufiwa, "hata sisi huku, mimi na watoto watatu wa Mwalimu, tunalia". Kabura hakusoma zaidi. Aliitia barua jikoni, akasimama mpaka ikawa majivu. Kuanzia siku hiyo hakukanyaga Bungoma. Kama kulikuwa na harusi huko alituma zawadi.

Julai mwaka wa 2009 afisa kijana wa idadi ya watu, Kimaiyo, alikuja nyumbani kwake akiwa na kofia mkononi. Zilibaki wiki sita kabla ya sensa. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa kuwaandaa wananchi, na walitaka mtu wa kuwaonyesha kile kitambaa cha Mwalimu Kimotho.

"Watu wa siku hizi hawaamini tarakimu zetu, Mama," akasema. "Lakini makadirio ya miaka thelathini iliyopita, na mtu alichora kwa mkono? Wataamini."

"Mkutano uko wapi?"

"Bungoma."

Kabura aliangalia bango juu ya redio. Angekataa, watu wangeuliza kwa nini. "Nitakuja," akasema.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kabura alivaa suti yake ya kijivu, akatundika kitambaa ukutani, akafundisha kama alivyofundisha darasa la tatu. Akawaonyesha mahali ambapo kasi ilikuwa karibu nne, na mahali ambapo, kufikia hesabu ya 1999, ilikuwa imeshuka chini kidogo ya tatu. Akawaonyesha kwamba leo makadirio yalikuwa karibu milioni thelathini na tisa, yaani hatua moja tu kutoka tawi la kati.

"Mwalimu!" Mzee mmoja wa safu ya mbele, jina lake Wabwile, alikuwa amenyanyua fimbo kuuonyesha mstari. "Hiyo raini inapanda kama njia ya Kapsokwony! Sasa si unasema kasi imeshuka?"

Watu wakacheka.

"Mzee, ukipanda kilima polepole, bado si unapanda?"

"Eh, napanda. Na magoti inauma."

"Ndivyo nchi ilivyo. Imepunguza mwendo, lakini haijafika juu. Wasichana waliozaliwa wakati wa mwendo mkali ndio mama wa leo. Hata wakizaa wachache, wao wenyewe ni wengi."

"Na wewe mama ulizaa ngapi?"

"Wanne," akasema Kabura, na kidevu chake kikainuka chenyewe. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa wengi walilikumbuka bango.

Mwanamke aliyeketi karibu na dirisha akasimama. Alikuwa wa makamo, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni kama mtu aliyetoka kazini bila kujitazama. Alisema kwa adabu: "Mwalimu, nauliza tu. Kwenye hiyo raini nyeusi, hata watoto wangu wako ndani?"

"Kila mtoto yuko ndani, mama."

"Asante. Nilikuwa nataka kusikia ukisema." Akaketi.

Kabura alijua ni yule fundi wa cherehani wa barua. Hakuna aliyemwambia, lakini alianza kukunja kitambaa kabla maswali hayajaisha.

Nasike alimngoja nje, kando kabisa na watu. "Mama Muturi," akasema, "sikukuja kukuaibisha. Ningetaka aibu ningesema mbele yao. Kuna jambo, na haliwezi kuamuliwa bila wewe. Nyumba yangu ni hapo tu nyuma ya soko. Kunywa chai, ukitaka kunitukana, unitukane ukiwa umeshiba."

Kabura alienda kwa sababu kusimama barabarani kungevuta macho. Nyumba ilikuwa na cherehani moja, meza moja na viti visafi. Ukutani palikuwa na picha ya Kimotho akicheka. Kabura hakuwahi kumwona akicheka hivyo. Akaketi akiipa picha mgongo.

"Nina wavulana wawili na msichana," akaanza Nasike. "Wavulana aliwapa majina ya kwetu. Alisema watakua kwetu. Msichana alimpa jina ya kwenu. Ndiye mkubwa wao, alizaliwa mwaka wa tisini na moja, Mei. Anaitwa Wakiuru."

Kikombe cha chai mkononi mwa Kabura kilibaki hewani.

"Sikujua ni jina ya nani," Nasike akaendelea. "Nilidhani ni mama yake. Siku ile alimshika mtoto akalia, mwanaume mzima. Akasema, 'Kuna mama mmoja nilimfungia mlango. Huyu apite hata kwa dirisha.' Miaka ikapita ndio akaniambia ni mama yako."

"Hakuwa na ruhusa," akasema Kabura. "Lile jina lilikuwa langu kutoa. Mimi nililiomba kwake kwa mdomo wangu, akaninyima kwa ajili ya watu. Kisha akaja kulimwaga huku!"

"Kweli."

"Usiniambie kweli! Ungejisikiaje wewe?"

"Ningechoma barua," akasema Nasike taratibu. "Si ulichoma?"

Kabura akaweka kikombe mezani.

Nasike akaeleza kilichomfanya amtafute. Wakati wa msukosuko wa baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, kaka yake Wanyonyi alisema jina lile la Kikuyu litamletea msichana hatari. Watu walikuwa wakiulizana majina njiani. Walimficha kwa jina la Nanjala mpaka mambo yakatulia. Sasa ametimiza miaka kumi na minane, na karani wa vitambulisho anakuja kwa chifu baada ya wiki mbili. Wanyonyi anataka aandikwe Nanjala kabisa, yaishe. "Na mimi ningekubali," akasema. "Lakini kwetu hatutupi jina ya mtu aliyekufa kama ganda ya ndizi. Jina iko na wenyewe. Nimekuja kuuliza wewe: alibebe ama aliweke chini?"

Msichana akaingia na sahani ya ndizi za kuchemsha. Kabura alimkazia macho, akimtafuta mama yake usoni mwake, na alipokosa akajiona mjinga. Tone la damu ya Wakiuru lingetoka wapi mle? Msichana alikuwa na paji la Kimotho na midomo ya Nasike. Alisalimu kwa mikono miwili.

"Mama, naweza kuuliza?" akasema. "Shule wananiuliza, Wakiuru ni nani. Sina cha kujibu. Alikuwa mtu wa aina gani?"

"Alikuwa mama yangu," Kabura akajibu, akainuka kushika mkoba wake. Mlangoni akamwambia Nasike: "Nipe hizo wiki mbili."

Nyumbani alimpigia simu Muturi, mwanawe wa kwanza, karani wa benki huko Nakuru. Muturi alikuwa akijua. Kumbe baba yao mdogo alimwambia tangu mazishini. Jambo hilo lilimuuma Kabura kama jingine jipya.

"Mama, waache waandike hilo jina lingine," akasema. "Kwani wanapoteza nini? Na sisi tutapona. Unajua watu watasema nini? Baba mwenyewe, wa bango! Watatucheka mpaka Endebess."

"Najua watakavyosema. Nimekaa miaka ishirini na sita nikizuia wasiseme."

"Basi zuia na hili moja."

Kabura aliona mwanawe ana haki. Jumla ilikuwa rahisi: Nanjala mmoja katika Bungoma, na jina la Kimotho limesimama. Siku nne aliamka na uamuzi huo na kulala nao, na haukumpa raha.

Siku ya tano alikitandaza kitambaa juani, maana kilikuwa na unyevu kutoka ukumbini. Akakaa kwenye kigoda kukifukuzia kuku. Jicho lake likafuata mstari mweusi, ule ambao Kimotho aliuendeleza kwa mkono wake kila baada ya hesabu. Likapita mwaka wa 1989, likafika 1999, ambapo aliandika kwa kalamu nyembamba milioni ishirini na nane na nukta saba. Mwaka huo msichana alikuwa na miaka minane. Usiku wa sensa alilala nyuma ya soko la Bungoma, na asubuhi yake karani fulani, pengine mwalimu mwenye viatu vya tope, aliuliza aliyelala humo ni nani, akaandika: Wakiuru, wa kike, miaka minane. Akajumlishwa na wilaya, na mkoa, na nchi. Kimotho alipochora nukta ile alijua kwamba binti yake yumo. Serikali ilikuwa imemhesabu. Mstari ulikuwa wa kweli mtupu. Kilichodanganya ni picha iliyokuwa juu ya redio. Na katika watu milioni ishirini na nane wa mwaka ule, alikuwapo mmoja aliyeitwa kwa jina la mama yake, akilijibu kila siku alipoitwa, na yeye Kabura alikuwa akilipia zawadi za harusi ili asilisikie.

La kuvunda halina ubani. Kabura aliingia chumbani, akafungua kasha la stakabadhi, akatoa cheti cha kifo cha mumewe. Alikwenda mjini akakitolea nakala mbili.

Siku ya vitambulisho, uwanja wa chifu kule Bungoma ulikuwa na mabenchi matatu, na foleni ilizunguka mpaka kwenye tangi la maji. Nasike alipomwona Kabura akishuka na suti yake ya kijivu alisimama haraka, futi ya kupimia ikamwanguka shingoni. Kabura hakusema alichoamua. Alisimama kwenye foleni pamoja nao, saa moja na nusu, mkoba kifuani. Walipofika mezani karani alivuta fomu.

"Jina la mwombaji?"

Msichana alimtazama mama yake. Nasike alimtazama Kabura.

"Wakiuru," akasema Kabura. "Wakiuru Kimotho."

"Baba?"

Kabura akaweka nakala ya cheti mezani. Karani akaisoma, akainua macho. "Marehemu. Huyu si ndiye Mwalimu wa ile chati? Na wewe mama ni nani wake?"

"Mimi ni mjane wake. Msichana si wa tumbo langu. Mama yake ni huyu hapa."

Benchi la kwanza lote liligeuza shingo. Kwenye benchi hilo, akingoja kupata kipande kipya cha kitambulisho badala ya kilichopotea, alikaa mzee Wabwile, fimbo katikati ya magoti.

"Ati nini?" akasema. "Mwalimu, si ulituambia wanne? Tulipiga makofi, bana! Mikono yangu bado iko moto."

Wengine wakacheka, kicheko kile cha watu waliokuwa wakikingoja. Kabura aliweka mkoba mezani. Alikuwa amejitayarishia hotuba fupi yenye maneno mazuri, na sasa haikumjia hata sentensi moja.

"Wanne ni niliozaa mimi, mzee," akasema. "Mwalimu alikuwa na saba. Mngeniuliza yeye ana wangapi, siku ile ningewadanganya. Leo sidanganyi."

"Na huyu unamwita nani sasa? Binti wa kambo?"

Kwa Wakikuyu mtoto aliyebeba jina la mama yako humwiti kwa jina, unamwita kama ulivyomwita mama mwenyewe. Kabura alikuwa hajalitumia neno hilo tangu Machi ya mwaka wa tisini na moja, na lilimtoka kwa shida, kama mtu anayejaribu ufunguo katika kufuli la siku nyingi.

"Namwita maitu," akasema. "Mama. Huyu ni mama yangu."

Hakuna aliyecheka. Karani aliandika, akamshika msichana kidole kimoja kimoja akakibandika kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Msichana alikuwa akilia bila sauti na hakuwa na mkono wa kujipangusia, kwa hiyo Kabura alimpangusa kwa leso yake.

"Uliniuliza alikuwa mtu wa aina gani," akamwambia. "Alikuwa mkaidi. Alipenda chai isiyo na sukari, na aliimba kwa sauti mbaya akikamua. Hakutaka watoto wake wahesabiwe. Yapo mengi, lakini nimesimama tangu asubuhi."

Mzee Wabwile alisogeza fimbo, akasogeza na koti lake, akawasukuma wenzake mpaka nafasi ikapatikana kwenye benchi.

"Keti hapa, Mwalimu," akasema. "Keti na huyo mama yako."